Asilimia Tano ya Forodhani

Pembe ya ndovu iliyotoka Unyanyembe, eneo la Tabora, katikati ya karne ya 19 ilisafiri miezi miwili mpaka mitatu begani mwa mpagazi kabla ya kufika pwani. Bagamoyo ikapakiwa jahazini, ikavushwa bahari, ikateremshwa ufukweni mbele ya Ngome Kongwe, pale pale ambapo leo jioni watu hujaa bustanini Forodhani kula mishkaki na pweza na kunywa maji ya miwa. Wakati huo hapakuwa na bustani. Palikuwa na banda la makuti, mchanga chini, na ndani yake magunia, marobota ya nguo, ngozi za ng'ombe, na pembe zimelazwa safu kwa safu. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Unguja Desemba 1856, alilidharau banda hilo waziwazi katika maandishi yake. Hakukosea kwamba lilikuwa banda duni. Lakini banda hilo ndilo lililolisha ufalme, likalipa askari, likanunua meli, na likawaleta mabalozi wa mataifa makubwa kukaa kwenye mji ambao hata maji ya kunywa ya uhakika haukuwa nayo.

Pembe ilitundikwa mizani. Kipimo kilikuwa frasila, pauni 35, yaani kama kilo 16 za leo. Pembe ya dume kubwa iliweza kuvuka frasila mbili, na mzigo huo alikuwa ameubeba mtu mmoja tangu Tabora. Karani wa Kibanyani aliandika uzito, jina la mwenye mali na mahali ilikotoka. Mahali na mtu vilikuwa na maana, kwa sababu ushuru wa pembe za Mrima, pwani ya bara inayoelekea Unguja, haukuwa sawa kwa wote. Mnyamwezi aliyeshuka na pembe zake mwenyewe alitozwa zaidi kuliko mfanyabiashara wa pwani aliyepita njia hiyo hiyo na mali ya aina hiyo hiyo. Aliyewinda ndovu alilipa zaidi ya aliyekwenda kununua.

Binadamu nao walipita hapo. Maelfu kila mwaka waliletwa kwa majahazi, wengi wao kutoka Kilwa, wakahesabiwa kwa vichwa na kutozwa ushuru kama mzigo mwingine, kisha wakapelekwa sokoni. Waliotekwa kandokando ya Ziwa Nyasa na kwingineko walivuka mlango ule ule wa pembe, na mapato yao yakaandikwa kwenye vitabu vile vile. Kila riale inayotajwa katika sura hii, mpaka Juni 1873, sehemu yake ilitokana na watu hao. Msomaji asilisahau hilo hata pale tutakapokuwa tunazungumza mikataba na asilimia.

Unguja haina ndovu. Haikuwa na sandarusi pia, ile gundi ya kale iliyochimbwa ardhini huko Mrima na kupelekwa Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi. Ukiacha karafuu na nazi, karibu kila kilichoutajirisha mji huu kilitoka nchi nyingine. Sultani hakutawala Unyanyembe, wala Ujiji, wala Manyema, kwa maana ya kuwatoza watu wa huko kodi na kuwahukumu. Alichokuwa nacho ni mlango. Mali yote ya bara iliyokuwa inakwenda ng'ambo, na nguo, shanga, waya za shaba na baruti zilizokuwa zinakwenda bara, ilibidi vipite mahali penye mizani yake. Tukisoma ugomvi wa madola uliopiganiwa pwani hii kwa miaka 60, tunazoea kusema waligombania pembe, au karafuu, au ardhi. Mikataba yenyewe inasema jambo jingine. Karibu kila mmoja unarudi kwenye forodha: nani atapima, nani atatoza, na kiasi gani.

Wa kwanza ni ule wa Marekani. Edmund Roberts, mfanyabiashara wa New Hampshire, alifika Unguja mwishoni mwa miaka ya 1820 akakereka na ushuru na ada za bandari. Alilalamika kwa Sayyid Said bin Sultan mwenyewe, na Sayyid, aliyekuwa na vita vyake na Mazrui wa Mombasa, alikuwa na haja ya marafiki na silaha. Septemba 21, 1833 mkataba ukatiwa saini Maskati. Kiini chake ni rahisi: mali itakayoshushwa na Wamarekani italipa asilimia tano, basi, bila ada nyingine. Waingereza wakataka kama huo wakaupata mwaka 1839, Wafaransa mwaka 1844. Mwaka 1837 Richard Waters wa Salem, Massachusetts, akafungua ubalozi wa Marekani Unguja, miaka minne kabla ya Mwingereza Atkins Hamerton. Meli za Salem zilileta nguo za merikani zikarudi na pembe, ngozi na sandarusi. Huko Salem kulikuwa na kiwanda cha kuisafisha sandarusi hiyo.

Asilimia tano inaonekana ndogo. Wapo wanaoandika kwamba Sayyid Said alidanganywa, akauza mlango wake kwa bei ya kutupa. Sikubaliani nao. Angalia alichokizuia. Katika mkataba wa Waingereza wa mwaka 1839 aliweka kifungu kinachosema kwamba biashara ya pembe na sandarusi kwenye pwani kutoka Mtangata, karibu na Tanga, mpaka Kilwa haimo katika uhuru wa wageni kununua na kuuza. Wafaransa nao wakakubali hivyo. Maana yake ni kwamba Mwingereza au Mfaransa hakuruhusiwa kwenda kununua pembe Bagamoyo au Pangani; angeisubiri Unguja. Na kwa kuwa asilimia tano ilihusu mali waliyoleta wao, pembe za Mrima Sayyid aliweza kuzitoza kwa kiwango chake. Alitoa punguzo kwenye mlango wa mbele akaufunga wa nyuma kwa komeo. Huyu alikuwa mtu aliyejua anachofanya.

Komeo hilo lilishikwa na mikono ya mkodishwaji. Sultani hakuwa na makarani wala maofisa wa kukusanya ushuru, aliikodisha forodha. Nyumba ya Jairam Shivji, Wabhatia kutoka Mundra, Kachchh, waliishika kwa sehemu kubwa ya miaka kuanzia ya 1830 hadi ya 1880, na Ladha Damji, wakala wao, akawa kwa miaka mingi mmoja wa watu wenye nguvu zaidi Unguja. Kati yao aliingia Tharia Topan, Khoja ambaye zahanati aliyoijenga bado inapamba Mizingani. Utaratibu ulikuwa hivi: mkodishwaji anaahidi kumlipa Sultani kiasi fulani kila mwaka, katika miaka ya 1870 zaidi ya riale 300,000, na kinachozidi ni chake. Wasomaji wa leo wanaweza kushangaa, lakini kwa mtawala ilikuwa ni starehe. Alijua mapato yake kabla ya mwaka kuanza, na akiishiwa alikopa kwa yule yule mkodishwaji. Sayyid Majid, mwana na mrithi wa Sayyid Said, alikufa mwaka 1870 akiwa na deni kubwa kwa nyumba ya Jairam.

Hapo ndipo penye ufa ambao wengi hawauangalii. Tangu mwanzo forodha ya Unguja ilikuwa kitu kinachokodishwa. Pwani nzima ilizoea kwamba anayekaa mezani na daftari si mwenye bendera. Jairam hakuwa na manowari, hakuwa na askari, na ukoo wake ulikuwa Kachchh, chini ya Waingereza. Kukodisha kwake hakukutishia kiti cha mtu. Siku ikaja mkodishwaji mwingine akagonga mlango, naye alikuwa na vyote hivyo.

Kabla ya siku hiyo, ufalme wenyewe uligawanywa mapande mawili kwa sababu ya mapato ya mlango. Sayyid Said alifariki baharini Oktoba 1856, akiwa njiani kutoka Maskati. Mwanawe Thuwaini akabaki na Oman, Majid na Unguja, na Oman ndiyo iliyokuwa maskini. Thuwaini akataka sehemu yake, akaandaa meli, Waingereza wakamzuia njiani. Mwisho kesi ikapelekwa kwa Lord Canning, mkuu wa serikali ya India, na Aprili 1861 akatoa hukumu: nchi mbili zitengane, na Unguja iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka, pamoja na malimbikizo ya miaka miwili, 80,000. Hukumu inasema wazi kwamba malipo hayo si alama ya utii, ni fidia ya kutolingana kwa urithi. Ndugu wawili waligawana bahari, na hesabu yake ikafanywa kwa mapato ya forodha. Mwaka uliofuata Uingereza na Ufaransa zikatia saini tamko la kuheshimu uhuru wa masultani wote wawili. Tamko hilo lingetumiwa miaka 28 baadaye kama sarafu ya kubadilishana.

Sayyid Barghash, ndugu yake Majid, aliyeshika kiti mwaka 1870 alipokea mlango uliokuwa unachakaa. Aprili 1872 kimbunga kikaipiga Unguja na kuing'oa mikarafuu karibu yote, Pemba ikasalimika. Mwaka uliofuata Sir Bartle Frere akaja na madai ya kukomesha biashara ya watumwa baharini. Barghash akakataa, akatishiwa kuzingirwa kwa manowari, na Juni 5, 1873 akatia saini. Soko la Mkunazini likafungwa. Hakuna wa kuililia biashara hiyo. Linalotuhusu hapa ni chombo kilichotumika. Uingereza ilikuwa imegundua kwamba kisiwa kinachoishi kwa kupitisha mali ya wengine huwa hakihitaji kuvamiwa. Kinatishiwa kuzibwa, kinakubali.

Barghash alijaribu kutafuta mwenzi wa kumsaidia kubeba. Mwaka 1877 alikuwa tayari kumkodishia William Mackinnon, mwenye meli wa Kiskochi, utawala na forodha za bara zima kwa miaka 70. Mazungumzo yakavunjika. Wengi wamelitaja jambo hili kama udhaifu wake. Mimi naliona kama mwendelezo wa kazi ya baba yake: kama forodha ya Unguja inakodishwa kwa Jairam, kwa nini ya Mrima isikodishwe kwa Mackinnon? Tofauti aliyoikosa, au aliyoiona na hakuwa na namna ya kuikwepa, ni kwamba kampuni ya Ulaya ikishaweka daftari mezani, nchi yake nayo inaweka nanga bandarini.

Novemba na Desemba 1884 Carl Peters na wenzake walizunguka Useguha, Nguru, Usagara na Ukami wakiwafanya majumbe watie saini karatasi zilizoandikwa Kijerumani. Februari 27, 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kumalizika, Kaiser akazipa hati ya ulinzi. Barghash akapeleka simu Berlin kupinga, akisema nchi hizo ni zake. Jibu likaja kwa bahari. Agosti 7, 1885 manowari tano za Kijerumani chini ya Komodoo Paschen zikatia nanga mbele ya kasri, mizinga ikielekezwa ufukweni, mwendo mfupi tu kutoka lile banda la mizani. Beit al-Ajaib ilikuwa na umri wa miaka miwili. Pamoja na kikosi hicho alikuja Sayyida Salme, dada yake Barghash, ambaye alikimbia Unguja mwaka 1866 akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, na sasa alikuwa mjane mwenye watoto. Aliletwa kudai urithi wake. Kwa Bismarck, kansela wa Ujerumani, yeye alikuwa kisingizio cha ziada, dada anayedhulumiwa ambaye ni raia wa Ujerumani. Barghash hakukubali kumwona. Kama kuna jambo la kuumiza katika sura hii nzima, kwangu mimi ni hilo: dada anakirudia kisiwa alichozaliwa baada ya miaka 19, na anakirudia akiwa hoja ndani ya faili la mtu.

Balozi wa Uingereza, John Kirk, aliyekuwa mshauri wa Barghash kwa miaka, alikuwa na amri kutoka London asiwazuie Wajerumani. London ilimhitaji Bismarck kwa mambo ya Misri. Barghash akasalimu amri ndani ya wiki.

Kisha wakakaa kupima mlango. Tume ya Wajerumani, Waingereza na Wafaransa, mwakilishi wa Uingereza akiwa Luteni Kanali Herbert Kitchener, ilizunguka pwani mwaka 1886 kutafuta mpaka wa nchi ya Sultani. Sultani hakuwa na mjumbe mwenye kura. Makubaliano ya Novemba 1, 1886 yakamwachia visiwa, na ukanda wa maili 10 za baharini kuingia bara, kutoka Mto Minengani, kwenye Ghuba ya Tungi, mpaka Kipini, na miji kadhaa ya Benadir. Ukanda wa kilomita zipatazo 18. Walikata mahali ambapo mizani ya Sultani ilikuwa imefika, wakamwachia hapo, na kila kilichokuwa kinakuja kwenye mizani hiyo wakakigawana. Na hata ukanda wenyewe hawakuuacha mzima. Ndani ya makubaliano hayo hayo Uingereza iliahidi kuisaidia Ujerumani ipate kwa Sultani ukodishwaji wa forodha za Dar es Salaam na Pangani. Ahadi hiyo imeandikwa kabisa. Madola mawili yenye viwanda, majeshi na reli yalikaa London kuandikiana juu ya vibanda viwili vya ushuru.

Mei 1887 Barghash aliwakodishia Waingereza wa Mackinnon pwani ya kaskazini kutoka Mto Umba mpaka Kipini kwa miaka 50. Machi 1888 akafariki. Ndugu yake Khalifa, mwezi mmoja tu baada ya kukalia kiti, akatia saini Aprili 28 mkataba wa kuikodishia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki pwani kutoka Umba mpaka Ruvuma, miaka 50 pia, ikusanye ushuru kwa jina la Sultani na kumpa mapato yake.

Kwenye karatasi huo ulikuwa mkataba wa Jairam. Watu wa pwani waliona haraka kwamba siyo. Agosti 16, 1888 kampuni ikachukua forodha. Pangani, mtu wa kampuni, Emil von Zelewski, akataka bendera ya kampuni ipandishwe kando ya bendera ya Sultani kwenye nyumba ya liwali. Liwali akakataa. Manowari ikashusha askari, na habari zikaenea pwani nzima kwamba Wajerumani waliingia msikitini na mbwa na kuiangusha bendera ya Sultani. Jairam alipokaa forodhani hakuwahi kuomba bendera. Wenye mashamba waliambiwa waandikishe ardhi zao au wazikose. Wenye majahazi walikuta ada mpya. Majumbe waliozoea kupata chao kwa kila msafara uliopita walikuta mkono wa mwingine umeshatangulia. Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa Pangani, akawa kiongozi, na Bwana Heri akashika Saadani. Kilwa Wajerumani wawili wakauawa. Wajerumani wenyewe waliita vita hivyo uasi wa Waarabu. Lakini waliopigana walikuwa Waswahili, Wazigua, Wayao, watumwa waliotoroka na wapagazi waliokuwa wamekwama pwani na pembe zao. Walipigania njia iliyokuwa yao kwa miaka mingi.

Kuanzia Desemba 1888 mpaka Oktoba 1889 manowari za Ujerumani na Uingereza, pamoja, ziliizingira pwani kwa jina la kuzuia watumwa na silaha. Hermann Wissmann akaja na askari wa Kisudani na wengine kutoka Msumbiji. Desemba 15, 1889 Abushiri akanyongwa Pangani. Zelewski aliishi karibu miaka miwili zaidi. Wahehe walimuua Lugalo, Agosti 1891.

Kilichofuata kilifanyika mbali kabisa na bahari hii. Julai 1, 1890 Uingereza ikaipa Ujerumani Heligoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini kisichofika kilomita 2 za mraba, na Ujerumani ikakubali Unguja na Pemba ziwe chini ya ulinzi wa Uingereza. Ufaransa ilikumbushia tamko la 1862, ikatulizwa kwa Bukini, yaani Madagaska. Sultani Ali bin Said, aliyemrithi Khalifa, akapewa taarifa kwamba pwani ya kusini sasa si ya kukodishwa tena bali ni ya kuuzwa, kwa marki milioni 4, kama pauni 200,000. Miaka mitano baadaye fedha hizo hizo alizolipwa na Wajerumani zikatumiwa na Waingereza kuinunua tena kutoka kwa kampuni ya Mackinnon ile pwani ya kaskazini aliyoikodisha Barghash. Yaani nusu moja ya Mwambao iliuzwa ili ikomboe nusu ya pili, na ile ya pili haikurudi Unguja. Iliendeshwa na Waingereza kutoka Mombasa, kwa pango la pauni 11,000 kwa mwaka na riba ya pauni 6,000 juu ya fedha zile. Pango hilo ndilo lililokuwa mezani Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, walipokubaliana kwamba ukanda wa maili 10 uwe sehemu ya Kenya.

Februari 1892 Waingereza wakatangaza bandari ya Unguja kuwa huru, bila ushuru, wakitumaini kuvuta meli. Mwaka 1899 asilimia tano ikarudishwa. Haikusaidia sana. Reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na Wajerumani wakajenga yao kutoka Dar es Salaam. Mzigo wa bara haukuwa na sababu tena ya kuvuka bahari kuja kupimwa. Kabla ya reli hizo, Agosti 27, 1896, manowari za Kiingereza ziliupiga mji kwa dakika 38 kumwondoa Khalid bin Barghash aliyejitwalia kiti, na watu wapatao 500 wakauawa na kujeruhiwa. Kwa wakati huo kiti kilichogombaniwa kilikuwa kimeshapoteza mlango wake. Miaka ya 1920 gati jipya likajengwa Malindi, na mbele ya Ngome Kongwe, katikati ya miaka ya 1930, pakawekwa bustani ya kuadhimisha jubilii ya Sultani Khalifa bin Haroub.

Zikabaki karafuu. Karafuu nazo zilikuja kwetu kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya wafanyabiashara wa Ulaya: Waholanzi walikata mikarafuu ya visiwa vya Maluku wakaiacha Ambon tu ili bei isishuke, Wafaransa wakaiba miche mwaka 1770 wakaipanda Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja. Mchumaji hupanda juu kabisa na kuvuta tawi kwa kamba, achume kishada kabla maua hayajafunguka. Jioni nyumba nzima hukaa chini kuchambua, karafuu upande huu, makonyo upande ule. Kisha majamvini siku nne tano, na mvua ikinyesha mtu hukimbia kuanua hata kama yuko kwenye sahani. Jasho hili lilikuwa la visiwa vyenyewe, kwa hiyo ungedhani hapa mlango ungekuwa wa mkulima. Mwaka 1937 serikali ya Waingereza ilikikabidhi Chama cha Wakulima wa Karafuu haki pekee ya kusafirisha nje. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja wakagoma, Chama cha Congress kule India kikaitisha kususia karafuu za Zanzibar, na India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Mwaka 1938 ikabidi wapatane. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar likawa mnunuzi pekee, na kwa miaka mingi likawapa wakulima sehemu ndogo tu ya bei ya dunia. Wapemba wakajibu kwa magendo: usiku, kwa mashua, mpaka Shimoni na Mombasa. Walitafuta mlango mwingine. Na Indonesia, iliyokuwa inanunua karafuu zetu kwa sigara zake za kretek, ikapanda za kwake mpaka ikajitosheleza, na katika miaka ya 1980 bei ikaporomoka. Mwaka 2011 serikali ya Dk. Ali Mohamed Shein iliamua mkulima alipwe asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, uamuzi ambao ulipaswa kufanywa miaka 40 kabla.

Ugomvi wa sasa ni wa kitu ambacho hakijaonekana bado. Aprili 1964, nchi zilipoungana, mambo ya Muungano yalikuwa 11, na ushuru wa forodha ulikuwamo, bandari pia, na biashara ya nchi za nje. Mwaka 1968 yakaongezwa mafuta na gesi asilia. Kwa Wazanzibari wengi hilo halikuwa nyongeza ya kawaida: kisiwa kilichoishi kwa mlango wake kiliutoa mlango mwaka 1964, na miaka minne baadaye kikatoa na kilichomo chini ya bahari. Kuna wanaosema ndivyo Muungano wowote unavyofanya kazi, na hoja yao ina uzito. Lakini mfanyabiashara wa Darajani anayelipa ushuru Malindi, kisha akatakiwa alipe tofauti anapofika Dar es Salaam na mzigo ule ule, hajawahi kupewa jibu linalomtosha, na kero hiyo imekaa kwenye vikao vya serikali mbili kwa miongo.

Aprili 2009 Baraza la Wawakilishi lilitaka mafuta na gesi yaondolewe katika orodha ya Muungano. Mwaka 2015 Bunge likapitisha Sheria ya Petroli inayosema mafuta yatakayopatikana Zanzibar yatasimamiwa kwa sheria ya Zanzibar na mapato yake yatakuwa ya Zanzibar. Mwaka 2016 Baraza likatunga sheria yake. Oktoba 2018 mkataba wa kugawana uzalishaji ukatiwa saini na RAK Gas ya Ras al-Khaimah, kwa kitalu cha Pemba na Unguja. Ni hatua ya busara, na waliofikia hapo bila kupigana wanastahili sifa. Ila Katiba ya Jamhuri ya Muungano haikubadilishwa. Ukifungua Nyongeza ya Kwanza utaikuta maliasili ya mafuta kwenye kipengele cha 15, na forodha kwenye cha 10. Sheria ya Bunge inasema hivi, Katiba iliyo juu yake inasema vile. Hukumu ya Canning nayo ilionekana imemaliza mambo, na tamko la 1862 likaja likauzwa, kwa sababu yaliandikwa mahali ambapo mkubwa angeweza kuyafuta bila kumwuliza mdogo.

Bara nako mwaka 2023 nchi nzima ilijadili mkataba na Dubai juu ya bandari, na Oktoba mwaka huo DP World ikapewa kuendesha baadhi ya magati ya Dar es Salaam kwa miaka 30. Sifananishi hilo na Aprili 1888. Kulikuwa na Bunge, kulikuwa na kesi Mahakama Kuu Mbeya, na watu walisema wazi walichokifikiria, wengine kwa gharama ya kukamatwa. Ninachosema ni kwamba hofu iliyosikika mitaani ina historia, na historia hiyo ina anwani. Aliyeuliza mwaka 2023 ni nani atakayeshika daftari, kwa muda gani, na tukitaka kuurudisha mlango tutaurudisha vipi, alikuwa anauliza maswali ambayo Khalifa bin Said alipewa mwezi mmoja tu wa kuyafikiria. Maswali hayo hayo sasa yanausubiri mkataba wa kitalu cha Pemba na Unguja, na muda wa kuyajibu ni kabla ya mafuta kupatikana, wakati bado hakuna cha kupima.